Mnyenyekevu wa Yamumbi

Mzee wa kanisa letu alikuwa mnyenyekevu kuliko watu wote wa Yamumbi, na kama hukuwa na habari, angekuambia mwenyewe. Alilisema jambo hilo harusini, matangani, kwenye foleni ya kliniki, na zaidi ya yote kwenye ibada ya ushuhuda kila mwezi, akiwa amesimama mbele na kipaza sauti ambacho koo lake halikukihitaji.

“Bwana asifiwe,” angeanza.

“Amina.”

“Tena Bwana asifiwe.”

Kisha angetueleza alivyokuwa na kiburi zamani, alipokuwa karani kwenye ghala la mahindi mjini Eldoret, wakulima wakimwamkia kofia mkononi, naye akiwaacha wasimame juani hadi amalize chai yake. Halafu Mungu akamvunja. Ushuhuda huo niliusikia tangu nikiwa sijui kusoma mpaka nikamaliza chuo kikuu, na ninaweza kuapa kwamba kila mwaka Mungu alimvunja vizuri zaidi. Wakulima waliongezeka. Jua lilizidi kuwa kali. Mwishowe hata meneja wa ghala naye alikuwa akibisha hodi kabla ya kuingia kwa karani wake.

Tuliitikia amina. Mtu mmoja tu ambaye angeweza kuguna hakuwa tena kwenye benchi. Huyo alikuwa Nekesa, binti yake wa pekee, rafiki yangu tangu shule ya msingi, aliyeolewa Kapseret na ambaye hakutaka kumwona. Yaliyotokea siku ya harusi yake nitayasimulia. Kwa sasa inatosha kujua kwamba Mzee alikuwa amemkosea mbele ya watu wengi, kwamba alijua amemkosea, na kwamba kutoka Yamumbi hadi Kapseret si safari ya kufunga mizigo. Mtu anapanda pikipiki na kufika kabla chai aliyoiacha mezani haijapoa. Miaka ilipita, hakwenda. Huyu aliyevunjwa na Mungu kila mwezi hakuweza kupanda pikipiki moja akaomba msamaha.

Kulikuwa na kile kiti. Pale mbele kanisani tulikuwa na viti vya plastiki visivyo na mikono, na katikati yake kiti kimoja cha mbao chenye mikono na mto wa rangi ya damu ya mzee. Kilinunuliwa kwa ajili ya askofu. Askofu alikuja kwa nadra, na kiti hakiwezi kukaa bure, kwa hiyo Mzee alikitunza kwa kukikalia. Wakati mmoja nilikuja na mwanafunzi mwenzangu kutoka Kesses, mtu asiyejua mila zetu, akaenda moja kwa moja akaketi hapo. Mzee akaja akasimama kando yake, tabasamu tele.

“Karibu sana mgeni.”

“Asante, Mzee.”

“Umeketi vizuri?”

“Vizuri kabisa.”

“Ni vile hicho kiti kina mguu mmoja mbovu.”

Mwenzangu akajitikisa kidogo. “Mbona kiko imara?”

“Kiko imara kwa anayekijua,” Mzee akasema, na akaendelea kusimama pale, mikono nyuma, mpaka mgeni akahamia plastiki. Mzee alipoketi, ule mguu mbovu haukutoa hata mlio.

Halafu kulikuwa na kutambuliwa. Huku kwetu hakuna shughuli inayoanza kabla watu fulani hawajasimamishwa wakapunga mkono. Marehemu anaweza kungoja, bibi harusi anaweza kungoja, wali unaweza kugandamana kwenye sufuria, lakini anayeongoza shughuli lazima apitie safu ya mbele, mmoja mmoja, na vyeo vyao. Mzee alikuwa na vyeo vya kutosha: mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mshauri wa vijana, mlezi wa kwaya. Kabla ya shughuli alimtafuta kiongozi nyuma ya hema na kumnong’oneza vyeo hivyo, akimalizia kwa kusema, “Lakini si lazima.” Kisha alirudi kuketi. Jina lake lilipotajwa alishtuka. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, kana kwamba amesikia akiitwa mtu mwingine mwenye jina lake, na ndipo akainuka pole pole, akakunja uso kama mtu anayesumbuliwa, na kupunga mkono hadi makofi yaishe kabisa.

Mama yangu, ambaye ni mwimbaji wa kwaya na mtu wa huruma kuliko ninavyostahili, alinikemea nilipomwiga nyumbani.

“Kila mtu ana udhaifu wake,” alisema.

“Wake umeshona suti, Mama.”

“Na wewe wako umesoma hadi digrii.”

Niliendelea kumwiga.

Mama alipolazwa hospitalini, Mzee alifika na ujumbe wa kanisa. Aliomba kwa sauti ya kuamsha wodi nzima, akamtajia Mungu majina ya wote waliofika kana kwamba Mungu angetaka kuwasimamisha mmoja mmoja. Baadaye akaagiza picha ipigwe. Mama alikuwa na kitambaa cha usiku kichwani na mdomo umekauka. Kabla hatujafika getini picha ilikuwa kwenye kundi la kanisa la WhatsApp, Mzee mbele ameshika Biblia, mama yangu nyuma ya kiwiko chake. Chini yake aliandika: “Tukitumika kimya kimya.”

Nitasema na lile lililonikera zaidi. Paa la mama mmoja mjane, jirani yetu, lilikuwa linavuja. Mzee alileta mabati, akapanda mwenyewe juu na nyundo, umri ule, mvua ikinyunyiza, akagongelea hadi jioni. Bila shaka kulikuwa na mtu chini mwenye simu, na tulitumiwa picha za kila bati. Lakini paa halikuvuja tena. Ningependa sana livuje. Ningekuwa na hoja safi: huyu ni mnafiki, kazi yake ni maonyesho, yanaisha kamera ikizimwa. Mjane alilala pakavu msimu wote wa mvua, nami nikabaki na hoja yenye tundu.

Niliporudi kutoka chuoni na maswali yangu, alikuwa mtu wa kwanza kuyachukua kama matusi yake binafsi. Nilikuwa nimesoma falsafa na nilikuwa na njaa ya kubishana na yeyote.

“Mzee,” nilimuuliza siku moja nje ya kanisa, watu wakisalimiana, “kwa nini Mungu anataka kusifiwa kila wakati? Binadamu akitaka hivyo tunamwita mwenye majivuno.”

Akanitazama kwa upole wa kutisha. “Nyinyi wasomi mna kiburi sana, mwanangu.”

“Na wewe je?”

“Mimi nilikombolewa.”

Jumapili iliyofuata aliongoza maombi, akawaombea vijana wenye kiburi cha vitabu, macho yake yakiwa kwenye bati lililo juu kabisa ya kichwa changu. Watu wawili waligeuka kuniangalia. Mmoja alikuwa mama.

Lakini kama ningepewa nafasi ya kumwonyesha mgeni jambo moja tu kuhusu Mzee, ningemleta siku ya kuoshana miguu. Kanisa letu lina desturi hiyo: kabla ya Meza ya Bwana, wanaume huenda nyuma ya jengo upande wa tangi la maji, wanawake upande wa pili, tunatenganishwa na leso chache zilizoanikwa kwenye kamba. Kila mtu anatafuta mwenzake. Unapiga magoti, unamwosha miguu, unaipangusa, kisha mnabadilishana, yeye anapiga magoti na kukuosha wewe. Ni kumbukumbu ya usiku ule Yesu alipowaosha wanafunzi wake. Inasemekana ukiwa na neno na mtu, huyo ndiye wa kumtafuta. Sikuwa naamini mengi, lakini desturi hiyo niliipenda. Haina hotuba. Ni maji, na vidole vya mtu, na kucha zake.

Mzee alikuja na beseni lake kutoka nyumbani, jeupe, na taulo iliyotariziwa msalaba. Mwenzake alikuwa daima mgeni mkubwa kuliko wote siku hiyo: pasta aliyealikwa, mwinjilisti wa kutoka mjini, wakati mmoja diwani ambaye hakuwa hata mshiriki, aliyepita tu kusalimia akajikuta amevuliwa soksi. Mzee alipiga magoti mahali ambapo leso zilikuwa zimeachana, ili na sisi wanawake tubarikiwe. Aliosha taratibu. Aliosha hadi wengine wote wamemaliza na hawana la kufanya ila kumtazama.

Mimi sijui ni lini niligundua jambo ambalo nadhani hakuna mwingine aliyelijali. Mzee hakuwahi kuoshwa. Zamu yake ilipofika ya kuketi, kila mara kulitokea kitu. Spika zilikuwa zinakoroma ndani. Mkate haujakatwa. “Twende, twende, muda umetutupa mkono,” alisema, akimwinua mgeni kwa kiwiko. Miaka yote hiyo alipiga magoti mbele za watu, na sikuona hata siku moja akiketi kitini na kumpa mtu mwingine mguu wake.

Sasa harusi.

Nekesa aliolewa na Njoroge, mtu wa familia kutoka mkoa wa Kati iliyohamia Kapseret zamani, wenye ng’ombe wa maziwa na shamba la mahindi. Maneno yalikuwepo, kama yanavyokuwepo huku kwetu watu wa magharibi na watu wa Kati wakioana, lakini wazazi walikubaliana na siku ikafika. Mzee alikuwa ameandaa hotuba ya baba wa bibi harusi kwa muda mrefu. Tuliisikia vipande vyake kanisani, akivijaribu ndani ya matangazo.

Halafu mvua ikaja, ratiba ikabanwa, na ghafla mheshimiwa mmoja akawasili bila kutarajiwa na msafara wake. Kiongozi wa shughuli, kijana aliyeajiriwa kutoka mjini, akamsimamisha mheshimiwa, akawasimamisha wasaidizi wake, akamsimamisha hadi dereva wake. Mzee hakusimamishwa. Muda wa hotuba yake alipewa mheshimiwa, aliyezungumza juu ya barabara.

Mzee aliinuka, akafunga kifungo cha koti. Alienda kwenye basi lililowaleta watu wa Yamumbi, akamwambia dereva awashe. Watu wa kwao, shangazi na wajomba na nusu ya kwaya, wakamfuata mmoja mmoja, wengine na sahani mkononi, kwa sababu yeye ndiye aliyekodi basi na mvua ilikuwa inanyesha. Mimi na mama tulibaki.

Kwa hiyo ilipofika keki, nilikuwepo. Desturi ni kwamba bibi harusi anawapelekea wazazi wake kipande, anapiga magoti na kuwalisha. Mama yake Nekesa alifariki sisi tukiwa shule ya upili, kwa hiyo mzazi alikuwa mmoja. Yule kijana wa mjini, asiyejua lolote, akatangaza kwa furaha, “Sasa tunamwita baba mzazi.” Nekesa alikuwa tayari ameshika sahani. Akatembea hadi kwenye kiti kilichowekwa kwa ajili ya baba yake. Akapiga magoti mbele ya kiti kitupu, gauni jeupe kwenye matope, kwa sababu tayari alikuwa ameanza na hakujua namna ya kuacha. Njoroge alimwinua. Muziki ukawekwa haraka.

Baada ya hapo hakumwita tena baba. Akimtaja alisema “huyo mzee wenu”.

Na Mzee alitubu, msidhani hakutubu. Alitubu kwa mtindo wake. Alimtuma pasta Kapseret kumwalika Nekesa kwenye ibada maalum ya upatanisho, ambapo baba na binti wangekumbatiana mbele ya kanisa, wageni wakiwa wamealikwa, na hema likiwekwa. Nekesa alinipigia simu akicheka kicheko kibaya.

“Anataka nimsamehe kwa kipaza sauti.”

“Utaenda?”

“Nikienda itakuwa ushuhuda wake wa mwaka mzima. Nitakuwa kama yule meneja wa ghala. Siku akija hapa peke yake, bila pasta, bila picha, bila kumwambia mtu, nitamkaribisha chai. Lakini hawezi. Hajui kufanya kitu ambacho hakuna mtu anaona.”

Nilikubaliana naye kwa moyo wote. Tulikuwa na wakati mzuri tukikubaliana.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, hadi siku moja ya kuoshana miguu mwaka jana, ambapo Njoroge alitokea. Hakuwa amemwambia Nekesa. Alikuwa ametoka kukamua, akabadilisha shati tu. Siku hiyo mgeni wetu alikuwa pasta kutoka Kapsabet, lakini mzee mwingine alikuwa amemwahi, na Mzee wetu alikuwa amesimama na beseni lake jeupe akitafuta mtu wa kiwango. Njoroge alichukua beseni la plastiki la kanisa, akalijaza tangini, akalileta na kupiga magoti mbele yake.

“Baba, keti.”

Sisi upande wa leso tukasogea palipoachana.

“Mimi ndiye mkubwa,” Mzee alisema. “Mimi ndiye nitakuosha.”

“Leo keti tu, baba.”

“Haifai. Wewe ni mkwe.”

“Maji yako tayari.”

Mzee aliangalia viatu vyake. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona pale, na kilinichukua muda kukitambua, kwa sababu nilikuwa nimezoea kuona sura yake ya majonzi ya ushuhuda. Alikuwa anaogopa. Kisha akasema kuna shida ya spika, akaingia ndani. Spika zilikuwa kimya kabisa. Njoroge alibaki magotini kwa muda, akatazama maji, halafu akainuka akayamwaga kwenye ua wa michongoma na kuondoka kurudi Kapseret.

Ndani, Mzee alizungusha sinia la mkate kama kawaida, safu kwa safu. Alipofika mwisho aliliweka mezani na kurudi kuketi. Yeye hakula. Mama aliniambia baadaye. Mimi nilikuwa bado nafurahia tukio la nje na sikuona.

Wiki ya ushuhuda ilipofika hakuinuka. Na kile kiti cha mikono kilikuwa kitupu. Mzee alikuwa ameketi benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, pamoja na wachelewaji na akina mama wenye watoto wanaolia.

Mimi niliangua kicheko cha ndani. Nikajiambia huyu amepata jukwaa jipya. Kweli, watu walianza kugeuka kumwangalia huko nyuma kuliko walivyomwangalia mbele. Wakasema ni mgonjwa. Wakasema amekosana na pasta, anataka kuanzisha kanisa lake. Nilingoja kwa hamu ushuhuda wa benchi la nyuma, jinsi Mungu alivyomshusha hadi mlangoni, jinsi upepo wa mlango ulivyokuwa mkali. Haukuja. Mwezi wa pili haukuja. Hakutuma picha kundini. Mama alisema labda amechoka, tumwache. Watu wakazoea, wakaacha kugeuka, nami nikamsahau kidogo.

Mwezi uliopita nilienda Kapseret kumtembelea Nekesa. Sikuwa nimempigia kwanza. Nilipokunja kona ya boma lao nikamkuta mtu kwenye kipande cha nyasi za ng’ombe, ameinama na panga, kofia ya sufu, gumboti, shati lenye tundu la kiwiko. Aliinua kichwa. Alikuwa Mzee.

Hakufurahi kuniona. Hilo ndilo lililonishtua zaidi ya gumboti.

“Msomi wetu,” alisema.

“Mzee. Umekuja lini?”

“Nakuja. Siku hizi nakuja.”

“Kanisa linajua?”

“Kanisa lijue nini? Nakata nyasi.”

Nilipaswa kuingia ndani, lakini nilikuwa nimengoja miaka mingi kumpata bila kipaza sauti. Nikasimama pale. “Nekesa amekusamehe?”

“Anaponiona anaingia ndani. Njoroge ndiye hunionyesha kazi.” Akafunga mzigo wa nyasi kwa kamba, akaukaza kwa goti. “Siku ya kwanza nilisimama pale getini nikamwambia nimemkosea, nikamwambia kile kiti, keki, yote. Akanisikiliza. Akasema sawa, akafunga mlango. Ana haki.”

“Na unarudi tu?”

“Ningefanya nini?”

“Ungemwita pasta,” nilisema, na nilisema kwa ubaya.

Alicheka kidogo, kicheko cha puani. “Nilitaka. Unajua ile siku ya beseni, nilirudi nyumbani nikapiga magoti. Nikaanza, Baba wa mbinguni, unajua mtumishi wako alivyo mnyenyekevu. Nikasikia sauti yangu. Nilikuwa peke yangu chumbani, lakini nilikuwa naomba kama kuna watu. Miaka yote nimemwomba Mungu aninyenyekeze, na jicho moja liko wazi kuona nani anasikia.” Akapangusa panga kwa jani. “Nikamwambia Yesu, kumbe hata mimi na wewe hatujawahi kuongea. Basi. Tukaanza hapo.”

“Na unajuaje hii si majivuno mengine? Mzee mzima anakata nyasi kwa mkwe. Ni hadithi nzuri sana.”

“Sijui,” alisema. “Leo asubuhi nilikuwa nimevaa koti, nikavua. Nikavaa hili shati lenye tundu, nikajiona mtakatifu kwa ajili ya tundu. Kila asubuhi yanarudi. Namwambia, Bwana, yamerudi tena. Ananisaidia mpaka jioni.”

“Na hapa je, nani anakuona?”

“Wewe. Ndiyo maana sikupenda ulivyokuja.”

Niliingia ndani. Nekesa alikuwa jikoni na mtoto mgongoni, dirisha linaloangalia uani likiwa wazi, na alijua nimezungumza naye kwa sababu hakuniuliza.

“Anakuja na hasemi,” alisema akikoroga uji. “Ananitia wasiwasi. Nangoja siku nitaona simu imeelekezwa kwake.”

“Na mimi nangoja,” nilisema.

Pikipiki ikaingia uani na mitungi ya maziwa kila upande. Alikuwa jamaa wa kukusanya maziwa, mgeni kwenye njia hiyo, kwa maana hakuzima injini wala kusalimia. Mzee alikuwa ametua nyasi na kuleta mtungi wa asubuhi kutoka kibandani.

“Wewe mzee, mdosi wako yuko?”

“Ametoka kidogo.”

“Mwambie maziwa ya jana yalikuwa na maji. Na najua si yeye. Ni nyinyi wafanyakazi. Mnakunywa halafu mnajazia kwa bomba. Nyinyi watu wa kutoka huko magharibi nawajua, mkipewa zizi mnaona ni la mama yenu.”

Nilisogea dirishani. Nilimjua Mzee kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilijua kila hatua itakayofuata: kifua kitatoka, vyeo vitasomwa, karani wa ghala, mzee wa kanisa, mwenyekiti, mlezi, na mwisho kabisa baba mkwe wa mwenye boma. Safari hii angekuwa na haki, na jamaa yule angestahili kila neno. Nilikuwa tayari kufurahi, kwa upande wake au dhidi yake, sikujali.

Mzee aliweka mtungi chini taratibu usimwagike.

“Nimesikia,” alisema. “Nitamwambia.”

“Na ukirudia utafutwa. Umri huu utaenda wapi?”

“Ni kweli.”

Midomo yake ilisogea kidogo bila sauti. Nadhani najua alichokuwa akisema na alikuwa akimwambia nani, na sisemi kwamba nakiamini.

Kijiko kiligonga ukingo wa sufuria nyuma yangu. Nekesa alikuwa ameshatoka, mtoto mgongoni, miguu mitupu, akavuka uani hadi kwenye pikipiki.

“Zima hiyo injini.”

Jamaa akazima.

“Huyu si mfanyakazi. Huyu ni babangu.”

Jamaa wa maziwa alivua kofia yake ya chuma, akaishika tumboni, akaanza kuomba radhi, pole Mzee, sikujua, ungesema, samahani sana Mzee wangu. Nekesa aligeuka kumtazama babake. Mzee hakumwangalia yeye wala jamaa. Aliinama akafungua kifuniko cha mtungi.

“Chukua kipimo chako, upime,” alimwambia. “Haraka kidogo. Jua likiyapata yatachacha.”